Maji Yaliyolala

Marahaba, wote. Hata wale waliosimama nje ya uzio wakasalimia kwa mbali, marahaba.

Juzi mlipojaa hapa uwanjani kwangu Kihonda na kuniambia kwamba mnataka kuvuka nyika ya ng'ambo ya Mto Wami kwa miguu, kundi zima, wavulana kwa wasichana, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Kisha mkaniuliza mbebe nini, nami nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini. Msinielewe vibaya. Nilicheka kwa sababu mlikuwa mmekwisha kubeba. Mmoja wenu alinifungulia mfuko wake wa mgongoni, nikaona redio, nikaona kioo, nikaona mto wa kulalia. Mto! Mtu anakwenda mahali ambapo hata jiwe la kuegemea analigeuza kwa fimbo kwanza asije akaegemea nge, yeye anabeba mto wenye maua.

Nikawaomba mnipe siku chache niandike, maana nikizungumza nakohoa, na nikikohoa nasahau nilikofika. Basi haya ndiyo niliyoandika. Sikuyapanga vizuri, na mtanisamehe.

Mimi ni Kaspari, mtu wa Matombo, na kazi yangu ilikuwa misafara. Nilianza vita vya pili vya dunia vilipokwisha, mpagazi wa kubeba mzigo kichwani, nikawa mnyapara msaidizi, mwisho nikawa mnyapara. Tuliwapeleka wapimaji wa ardhi mahali pasipo na barabara, tukawarudisha. Wao walichungulia darubini zao na kuvuta minyororo yao ya kupimia. Sisi tulihakikisha kwamba watu wamekula, wamekunywa, wamelala, na kwamba asubuhi kila mmoja bado ana miguu ya kumbeba.

Nianze na hiyo miguu. Safari yangu ya kwanza nilinunua viatu vipya vya ngozi, vyeusi, vinavyolia nikitembea. Nilijiona bwana harusi. Mnyapara wetu wa wakati huo, mzee Maganga, alivitazama, akaendelea kufunga mizigo. Kabla hatujaufikia Wami visigino vyangu vilikuwa nyama tupu, nikawa natembea kwa vidole kama kuku aliyekanyaga makaa. Maganga akanivua mwenyewe, akavifunga kamba, akanivisha shingoni, akanipa katambuga zake za matairi. Nilikwenda safari nzima nimevaa viatu shingoni, na kila tuliyekutana naye aliuliza ninaviuza kwa nani. Kwa hiyo sikilizeni: viatu unavyotaka kwenda navyo, vivae sasa hivi, vivae sokoni, vivae ukienda kisimani, mpaka viache kukuona kama mgeni. Usiku paka miguu mafuta ya nyonyo. Na wa kutangulia mbele awe yule anayetembea pole pole kuliko wote, siyo yule mwenye nguvu, kwa sababu mwenye nguvu akitangulia nyinyi wengine mtaijua njia kwa vumbi lake tu.

Chakula nacho. Sisi wa milimani tunapenda maharage na njegere, na mpishi wetu wa kwanza alijaza gunia zima la maharage makavu. Maganga alilikuta limekwisha kushonwa mdomo, akalifumua pale pale na kulimwaga mkekani. Mpishi akanuna. Maganga akamwambia, "Haya ukiyapika nyikani yanakunywa maji kuliko watu. Utachemsha asubuhi mpaka jioni, sisi tumekauka, yenyewe yamelewa." Bebeni unga, bebeni karanga zilizokaangwa, bebeni mihogo mikavu. Dagaa wa chumvi waacheni nyumbani, kiu yake mtaitafutia wapi dawa?

Sasa niwaambie Maganga alikuwa nani, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaandikia.

Alikuwa Mnyamwezi, mrefu, mkavu, Mwislamu wa swala tano, amehamia Morogoro zamani na kujenga kibanda chake upande wa Msamvu, wakati huo pote pale ni mkonge mtupu. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, hilo mnalijua, ingawa naona siku hizi utani mnaufanya wa kuchekesha harusini tu. Kwetu ulikuwa kazini. Kila asubuhi alitupokea kwa matusi yake ya heshima. Alisema sisi Waluguru tumezaliwa na mguu mmoja mfupi kwa sababu ya kuishi mteremkoni, na ndiyo maana tukishuka tambarare tunazunguka mahali pamoja. Sisi tukamjibu kwamba yeye alikuja pwani na mzigo wa watu kichwani, akasahau njia ya kurudi kwao. Tunacheka, tunanyanyua mizigo, tunaondoka.

Lakini kulikuwa na jambo asilolitania. Katika vita ile ya kwanza, ya Mjerumani na Mwingereza, walimchukua kubeba mizigo ya askari. Wenzake wengi walianguka njiani, na aliwazika kando ya njia yeye mwenyewe kwa mikono na sufuria, na mmoja wao alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alipotaka baadaye kwenda kulitafuta lile kaburi, hakulijua ni lipi. Alinisimulia mara moja tu, anapanga kuni, hakuniangalia. Akamaliza hivi: "Mimi nimezika porini vya kutosha, Kaspari. Anayetoka na mimi anarudi na mimi."

Ndiyo sababu alikuwa na desturi ambayo wanyapara wengine waliicheka. Kabla ya safari, kila mpagazi alitakiwa amlete mtu wake Msamvu: mama, au mke, au mjomba. Maganga aliwakaribisha, wakala naye chochote walichokuja nacho, wakazungumza, akawatazama usoni vizuri. Alisema hapo ndipo safari inapoanza kupangwa. Ukimjua anayemngojea mtu nyumbani, huwezi tena kumhesabu mtu huyo kama mzigo.

Kwa safari ninayotaka kuwaeleza, alikuja mama mmoja kutoka Mgeta. Mwanawe aliitwa Petro, rika langu, kifua kama mlango, mcheshi, mwimbaji wa kanisani, amezoea kuteremsha vikapu vya mboga kutoka mlimani mpaka sokoni akiimba. Hakuwahi kutoka nje ya milima hata mara moja. Yule mama alifika na kikapu cha njegere mbichi, akakiweka miguuni pa Maganga, akasema, "Shikamoo baba. Mimi sina mwingine, ni huyu huyu. Nirudishie."

Maganga akaitikia, akachukua njegere, akamenya, akala mbichi pale pale mbele yake. "Nimekula," akasema. "Nenda nyumbani mama."

Basi tukaondoka, kiangazi kimeshika hasa. Tulivuka Wami pale Dakawa na kuingia nyika inayoelekea kwa Wamasai. Mpimaji wetu alikuwa kijana wa Kizungu, shingo imeungua ikawa nyekundu kama nyanya, mpole, hapendi kelele. Nchi ile mtaiona wenyewe: migunga, mbigili, vilima vya mawe vilivyosimama peke yake, na makorongo ambayo wakati wa mvua ni mito na wakati ule ni mchanga mtupu. Sisi tuliokuwa tumekwenda mara kadhaa tuliijua. Wapya, na wengi safari hiyo walikuwa wapya kutoka mlimani, walitembea wanashangaa. Petro aliniuliza, "Kaka Kaspari, watu wa huku maji yao wameyaweka wapi?" Nikadhani anatania.

Maganga alikuwa ameipanga ile safari vizuri, na hapa nataka muweke masikio. Alijua lambo lilipo, alijua korongo lenye maji chini ya mchanga, alijua kutoka wapi mpaka wapi hapana kitu. Sehemu mbaya ilikuwa siku moja ya kutwa nzima. Jioni ya kuamkia siku hiyo tulipiga kambi kwenye kijilambo chenye maji ya kijani, tukayachuja kwa kitambaa, tukayachemsha, tukajaza madebe yote na kuyafunika. Maganga alikwenda debe moja moja, akaangalia kwa macho yake. Yote yamejaa. Akaswali, akalala na amani.

Asubuhi tuliondoka mapema kabla jua halijapata nguvu. Nilimwona Petro yuko nyuma ya safu na wenzake wa debe, wanaimba. Walitembea vizuri. Nilifurahi hata nikamwambia Maganga, "Wanyapara wengine wangekuonea wivu, watu wako wanabeba maji kama wamebeba pamba."

Maskini mimi, nilikuwa nimesema kweli kabisa.

Jua lilipofika utosini tulisimama chini ya migunga, Maganga akaita debe la kwanza. Petro akalileta, anatabasamu. Maganga akaingiza kata, ikagonga bati. Akachungulia. Akaita la pili. Akaita yote. Yalikuwa matupu, ila moja lililokuwa na maji kidogo ya kuoshea mikono.

"Maji yako wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo sana.

Petro akajibu kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Tuliyamwaga, Mnyapara. Yalikuwa yamelala."

Nyinyi mliozaliwa na bomba uani labda hamwelewi. Kwetu milimani, maji yaliyolala ndani hayanywewi. Mama akiamka, kitu cha kwanza anamwaga yaliyobaki mtungini, chini ya migomba au kwa kuku, ndipo anakwenda kuchota mapya. Kumpa mgeni maji ya jana ni kumwambia hukumtaka. Na kijito kiko pale, ukivuka tuta moja unakutana na kingine, nani amewahi kutembea na maji kichwani kwenda mbele? Vijana wale walikuwa wameamka, wakafanya usafi wa nyumbani kwao. Wakamwaga vizuri, wakaosha madebe kwa mchanga, wakasema watachota mbele. Hakuna aliyekuwa mvivu wala mjeuri. Walikuwa wamelelewa vizuri.

Na Maganga hakuwa amewaambia wasimwage, kwa sababu katika maisha yake yote, Unyamwezini na vitani, hajawahi kuwaza kwamba kiumbe mwenye akili anaweza kumwaga maji. Nami ninayezijua tabia za kwetu, nilikuwa mbele na mpimaji tangu alfajiri, sikuona kitu.

Watu wakaanza kupiga kelele. Mmoja akamshika Petro shati. Kiu ilikuwa bado haijatuuma sana, ila hofu ilikuwa imekwisha kutuingia, na hofu inakausha koo haraka. Maganga akapaza sauti mara moja, wote wakakaa chini. Akachukua birika, akamimina humo maji ya kibuyu chake mwenyewe. Mpimaji akaja, akafungua chupa zake mbili za kiunoni, hakuombwa, akamimina zote humo humo. Tangu siku hiyo sikuruhusu mtu amseme vibaya yule kijana mbele yangu. Maganga akaanza kugawa kwa kifuniko cha birika, kila mtu kifuniko kimoja, tena mtu alimeza mbele yake.

Tulikuwa na kawaida kwamba tukipumzika, mizigo inapangwa safu moja na kila mtu anakaa nyuma ya mzigo wake. Ndivyo alivyokuwa anatuhesabu. Kifuniko kilipofika kwenye debe la Petro, debe lilikuwepo, mwenyewe hayupo.

Tuliita. Tulipiga debe kwa fimbo. Hakuna jibu. Mpimaji akasema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika lakini kwa huruma, kwamba itabidi kundi liendelee na watu wawili wabaki wakimtafuta, la sivyo tutakufa wote. Kwa hesabu alikuwa na haki. Maganga akasimama mbele yake na birika mkononi.

"Bwana," akasema, "mimi nimekula njegere za mama yake."

Mpimaji hakuelewa habari ya njegere, lakini uso aliuelewa. Akakaa chini.

Maganga akanigeukia. Nilidhani atanituma kufuata nyayo, lakini ardhi ile ilikuwa mawe, nyayo hazishiki. Akaniuliza swali ambalo sijalisahau. "Wewe Mluguru. Umefanya kosa, unataka kulirekebisha, unataka maji. Unakwenda wapi?"

Sikufikiri. Nikasema, "Nakwenda juu."

Kwa nini juu? Kwa sababu kwetu maji yanatoka juu. Chemchemi iko karibu na kilele, penye msitu na ukungu, na huku chini unapokea tu yanayokuja. Mtu wa nyika akiwa na kiu anatafuta bonde. Mluguru akiwa na kiu anatazama mlima. Na mbele yetu, mbali kidogo upande wa kushoto, palikuwa na kilima cha mawe matupu kinachowaka jua, ambacho mtu yeyote mwenye akili ya tambarare asingekikaribia.

"Basi yupo pale," akasema Maganga.

Aliacha kundi kivulini na mpimaji akilinda birika, akanichukua mimi. Alikuwa mzee tayari, wajukuu zangu, na kiangazi kile hakikuwa na huruma. Nilimwomba abaki, akanitukana kiutani hasa, nikamfuata. Tulipanda tukishika mawe ya moto. Katikati alikaa, nikaona anapumua kwa mdomo, nikaogopa. Kisha akainuka tena.

Petro tulimkuta karibu na kilele, amekaa kwenye kivuli chembamba cha jiwe, kucha zimevunjika. Alikuwa amefukua chini ya kila jiwe lenye unyevu wa uongo. Aliponiona akafunika uso.

"Niacheni, kaka Kaspari. Nitarudi kwa wenzangu na uso gani? Nimewaua."

Mimi nilianza kumkemea, kwa sababu ya hofu tu. Maganga akaninyamazisha kwa mkono. Akakaa karibu na Petro bega kwa bega, akahema mpaka pumzi ikarudi, ndipo akasema, "Nyinyi Waluguru bwana! Mguu mmoja mfupi nilikuwa naujua. Kumbe na kichwani mlipunjwa. Mtu ana kiu anapanda jiwe!"

Petro akacheka, huku analia. Vyote kwa pamoja, makamasi yanamtoka, mtu mzima na kifua chake. Maganga akamvutia kichwa begani kwake. "Mama yako alinipa njegere, nikala, zimekwisha. Sasa nikirudi bila wewe nitazirudishaje? Simama, mtani. Umewakosea watu maji, hujawakosea uhai, na uhai bado tunao." Nami hapo nikalia, sioni sababu ya kuficha.

Tulipokuwa tunajiandaa kushuka Petro akanyoosha kidole. "Kule kuna moto wa nyika. Tusipite kule."

Maganga akakunja macho. "Moto moshi wake unapanda," akasema. "Ule unatembea."

Lilikuwa vumbi. Mstari wa vumbi unaosogea pole pole kuelekea kwenye korongo, upande ambao sisi hatukuwa tukienda kabisa. Ng'ombe wa Wamasai, na ng'ombe saa ile ya jua kali wakitembea mstari mmoja, hawaendi kutalii. Tuliteremka kile kilima karibu tukianguka.

Kufika kule ilikuwa jasho na kifuniko cha mwisho cha birika. Petro alitembea mbele kabisa, Maganga nyuma kabisa akimshika mkono mpagazi aliyekuwa anapepesuka. Tulikuta visima vimechimbwa ndani ya mchanga wa korongo, vijana wa Kimasai wanapokezana maji kwa ndoo za ngozi, ng'ombe wamejipanga. Mzee wao alitutazama midomo yetu, akasema neno, vijana wakatupa maji ya kunywa hapo hapo, kila mtu, hata mara mbili. Ila madebe tuyaweke kando mpaka ng'ombe wa mwisho amalize, hiyo ndiyo sheria ya kisima. Tukakaa tukiwatazama ng'ombe wakinywa, tumbo baada ya tumbo, mpaka jua likalegea. Sijawahi kuwaheshimu ng'ombe kama siku hiyo. Petro alikaa karibu kabisa na kisima na debe mapajani, na alipolijaza hakukubali mtu mwingine alishike.

Hukumu yake ilitolewa asubuhi iliyofuata. Maganga aliwapanga wote, akachota kikombe cha maji yaliyolala debeni, akampa Petro. "Kunywa." Petro akanywa, uso umekunjamana kama amepewa kwinini. Watu wakaangua kicheko, hata mpimaji. Kisha Maganga akatupa na sisi wengine, mmoja mmoja, akianza na mimi, na mwisho akanywa yeye. Halafu akachukua fimbo, kila debe likapita mbele yake akaligonga. Debe lililojaa linajibu kwa sauti nzito, la chini. Lenye kupunguka linapiga kelele. Tangu siku hiyo hakuna safari yetu iliyoondoka bila kikombe cha jana na kugonga madebe, na mgongaji alikuwa Petro. Wapya walipomuuliza sababu aliwaambia mwenyewe, bila aibu, na kwa chumvi nyingi, hata kile kilima kikawa kinaongezeka urefu kila mwaka.

Najua mtaniambia siku hizi kuna magari. Hata sisi tuliletewa, miaka ya hamsini, gari la kijeshi lenye tangi nyuma, na dereva wake alitucheka na fimbo yetu ya kugonga. Likazama kwenye mchanga wa korongo mpaka milango. Tulimbeba dereva pamoja na maji yaliyobaki, na njia nzima Petro alikuwa akimgonga mgongoni kusikia kama amejaa.

Lakini nilitaka kuwaeleza jambo ambalo Maganga alinieleza tukiwa njiani kurudi, tumekwisha kuiona milima yetu imekaa na mawingu yake. Alisema, "Niliipanga safari ya Wanyamwezi, nikaenda na Waluguru." Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote. Nyika aliijua vizuri mno. Alichosahau kuuliza ni wale watu kwao wakiamka wanafanya nini. Kwa hiyo nyinyi mnaotaka kuongozana, kabla ya kuuliza mbebe nini, ulizaneni. Nani kwao anaamka na kuoga kwanza kabla ya kitu chochote? Nani akikosea ananyamaza na kujitenga? Nani haombi kusaidiwa mpaka aanguke?

Petro tulimfikisha Mgeta, Maganga akapanda nasi mpaka mlangoni, akilaani kila mwinuko. Mama yake alikuja na kikapu kingine. Safari hiyo njegere zilikuwa zimepikwa.

Maganga hakurudi kwao Unyamwezi. Aliugua Msamvu miaka michache baadaye, kifua, na habari zikapanda mlimani pole pole kama zilivyokuwa zikipanda zamani. Alifariki asubuhi, na alasiri tukampeleka makaburini. Hakuwa na ndugu wa damu mji huu. Waliombeba ni majirani wa msikitini na sisi watani wake, tumeshuka na rozari zetu mifukoni, na shehe akatupa nafasi tukashika jeneza. Kaburi likafukiwa. Ndoo ya maji ya kunyunyizia ilikuwa tayari, mtu ameishika, watu wanangoja dua.

Hapo tukasikia mtu anaita kutoka barabarani, "Ngojeni! Ngojeni kidogo!"

Alikuwa Petro, na debe kichwani. Alisikia habari ya ugonjwa akiwa Mgeta, akajaza debe kwenye kijito cha nyumbani, akashuka nalo kwa miguu, akalala njiani, ili amletee mgonjwa maji ya mlimani anywe. Hakujua kama amekwisha kufa mpaka alipotuona tumesimama pale. Watu wa mjini wakaanza kunong'ona, kabeba maji kutoka milimani kuyaleta mjini penye bomba. Petro akapita katikati yao, akapiga magoti kando ya udongo ule mbichi, akaliweka debe chini.

"Mnyapara," akasema. "Mtani wangu, mbeba mizigo wa watu uliyesahau njia ya kwenu. Maji haya yamelala. Yamelala njiani, na mimi nimelala ubavuni mwake. Sikuyamwaga."

Akakunja kidole, akaligonga debe ili asikie. Likajibu kwa ile sauti nzito, ya chini. Sisi tuliofanya naye kazi tukacheka kwa nguvu, pale pale kaburini, na machozi yanatudondoka, na shehe, Mungu amrehemu, hakutukataza. Kisha Petro akayamimina yote juu ya kaburi, kutoka upande wa kichwa mpaka miguuni.

Basi. Mto wa kulalia acheni, redio acheni. Jumamosi njooni hapa kwangu asubuhi, na vyombo vyenu viwe vimejazwa maji tangu Ijumaa. Nitavigonga mwenyewe, fimbo ninayo. Na msije peke yenu. Kila mmoja aje na mama yake, au yeyote atakayekaa akimngojea, waje tuzungumze niwaone usoni. Waambieni wasije mikono mitupu, waniletee chochote nile.